Reli Iliyoupita Kando Mji wa Kale: Mombasa katika Masimulizi ya Kufifia kwa Garimoshi

Masimulizi ya kufifia kwa reli nchini Kenya yamezoea kufuata ngazi zile zile. Huanzia mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika lake la reli likagawanyika. Hupitia mwaka 2006, uendeshaji ulipokabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, na kukomea mwaka 2017, wakati treni ya abiria ya njia ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa iliposimama na nafasi yake kuchukuliwa na reli ya kisasa. Mpangilio huu una ukweli wake. Kasoro yake ni kuchukulia kwamba reli na mji wa Mombasa vilistawi pamoja na kunyauka pamoja. Makala haya yanadai kwamba kwa Mji wa Kale kuachwa kulianza siku garimoshi lilipofika.

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza mwaka 1896 upande wa Kilindini, magharibi mwa kisiwa, ambako kina cha maji kiliziruhusu meli kubwa za mvuke kutia nanga. Bandari ya Kale iko upande wa mashariki, karibu na Ngome ya Yesu. Huko ndiko majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikoletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi kwa karne nyingi. Reli haikugeuza uso kuitazama bandari hiyo. Iliondoka Kilindini, ikavuka Makupa, ikaingia bara. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na Port Florence, yaani Kisumu, mwaka 1901. Mwaka 1905 makao makuu ya utawala nayo yakahamia Nairobi. Katika muda usiozidi miaka 10 mji uliokuwa mlango mkuu wa nchi ukawa baraza ya nje. Ndani ya mji wenyewe, uzito wa biashara ulihama kutoka mashariki ya kisiwa hadi magharibi yake.

Hata hivyo, Mji wa Kale ulikuwa na reli yake, na kisa chake kinastahili nafasi kubwa kuliko ile kinachopewa. Mwaka 1890 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianza kutandika njia nyembamba ya upana wa futi 2 upande wa bara, ikaipa jina la fahari, Reli ya Afrika ya Kati. Maili chache tu zilikamilika. Vyuma vilikuja kutumiwa kisiwani kwa ajili ya matoroli. Kwa hiyo reli ya kwanza kufa Mombasa ilikufa kabla Reli ya Uganda haijazaliwa, na mabaki yake ndiyo yaliyoupa Mji wa Kale usafiri wake wa mwanzo wa karne ya 20.

Toroli halikuwa na injini. Lilikuwa benchi chini ya turubai, likisukumwa na wanaume waliokimbia nyuma yake kutoka eneo la Government Square hadi Kilindini, juani na mvuani. Abiria walikuwa maofisa, wafanyabiashara na wageni walioteremka melini. Maandishi ya Wazungu wa wakati ule huyaona matoroli kuwa kichekesho cha kupendeza, na ni nadra kumpa msukumaji jina, seuze kauli. Motokaa zilipoenea katika miaka ya 1920, matoroli yalitoweka. Ukimya uliofuata kutoweka huko unamdai mhakiki zaidi kuliko kelele za mwaka 2017, kwa kuwa waliopoteza kazi hawakuachiwa hata hadhi ya kuombolezewa.

Fasihi imechangia ukimya huo. Kitabu cha Patterson cha mwaka 1907 kina kiini chake Tsavo, penye simba na daraja. Riwaya ya M. G. Vassanji, The In-Between World of Vikram Lall (2003), na ile ya Peter Kimani, Dance of the Jakaranda, iliyotoka mwaka ule ule wa 2017, zinairejea reli kwa jicho la Bonde la Ufa na Nairobi. Mombasa hubaki mahali pa kushukia meli. Nathari ya Kiswahili nayo ina kioja chake. Salim bin Abakari, aliyesafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, aliacha masimulizi yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Hiyo ni miaka ile ile ambayo Reli ya Uganda ilianzia Kilindini na kufika ziwani. Mwandishi wa Kiswahili alikuwa amekwisha kuisimulia Urusi, ilhali reli ya nyumbani ikisimuliwa zaidi na wageni. (Lugha yenyewe ilikuwa hodari zaidi: iliunganisha gari, neno la asili ya Kihindi, na moshi wa Kibantu, na jina likadumu hata injini za dizeli zilipoufukuza moshi.)

Kwa mtazamo huu mwaka 2017 unasomeka vingine. Kituo kikuu kipya kilijengwa Miritini, nje ya kisiwa kabisa, na jengo la zamani mwishoni mwa Barabara ya Haile Selassie likapoteza abiria wa Nairobi. Kisiwa kizima kikapitwa kama Mji wa Kale ulivyopitwa mwaka 1896. Vituo vidogo vya njia ya zamani, kama Mazeras, Mariakani, Samburu na Maungu, vilipatwa na jambo hilo hilo, kwani treni mpya ya moja kwa moja haina haja navyo. Mackinnon Road pana tofauti yake. Kando ya reli upo msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, ambaye wapokezi humkumbuka kama msimamizi wa wajenzi wa reli kutoka Punjabi. Madereva wa malori na wasafiri wa barabara kuu, ambao hawakuja kwa garimoshi, husimama hapo, wakazuru kaburi, wakaomba dua, kisha wakaendelea na safari.