Pawasaplai: ndani ya kompyuta au nje?

Kompyuta ya mezani ikifikishwa kwa fundi mjini Gisenyi, Rwanda, ikiwa haiwaki kabisa, ubao mama hauguswi kwanza. Fundi hugeuza kasha na kuangalia pawasaplai, kile kisanduku cha bati chenye feni kinachokaa nyuma. Katika mashine nyingi za zamani, karibu na tundu la waya wa umeme kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotumika Marekani huja ikiwa imewekwa 115, ilhali umeme wa Rwanda ni volti 230. Ukiichomeka bila kuigusa swichi hiyo, husikika mlio mmoja, harufu ya kuungua inafuata, na pawasaplai imekwisha.

Kazi ya kisanduku hicho ni moja: kuupunguza umeme wa ukutani na kuunyoosha hadi volti 12, 5 na 3.3 ambazo vipuri vya kompyuta vinaweza kuhimili. Kazi hiyo lazima ifanyike. Ubishi wa miaka karibu 50 umekuwa juu ya mahali pa kuifanyia.

Kompyuta ndogo za katikati ya miaka ya 1970 zilitegemea transfoma nzito zilizotoa joto jingi. Apple II ya mwaka 1977 ilikuja na pawasaplai nyepesi ya kukata umeme kwa kasi, iliyobuniwa na mhandisi Rod Holt, ikatoshea ndani ya kasha bila feni. Mwaka 1981 IBM nayo iliweka yake ndani, ya wati 63.5, yenye swichi kubwa ubavuni. Commodore 64 ya mwaka 1982 ilishika njia ya pili: kiboksi kilichoachwa sakafuni, kimejazwa gundi ngumu. Joto halikuwa na pa kutokea, wala kiboksi hakikufunguka kirahisi. Kilipoharibika, mara nyingi volti 5 zilipanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Kukaa nje hakukuiokoa kompyuta.

Jambo kubwa lilitokea mwaka 1995, Intel ilipotoa kanuni ya ATX. Vipimo vya kisanduku, matundu ya skrubu na mpangilio wa nyaya vikawa vya aina moja kwa watengenezaji wengi. Faida yake ilionekana zaidi mbali na viwandani, katika miji inayopokea mashine zilizokwisha tumika. Pawasaplai iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa mji jirani wa Goma iliweza kufungwa kwenye kompyuta nyingine Gisenyi, bila kujali nembo. Walioikiuka kanuni walionekana haraka: mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell ilitumia plagi yenye umbo la ATX lakini nyaya zikiwa zimepangwa vingine, na aliyebadilisha bila kujua aliweza kuunguza ubao mama.

ATX ilileta pia hatari moja ya kimyakimya. Kompyuta iliyozimwa kwa kitufe cha mbele hubaki na volti 5 za kusubiri maadamu imechomekwa. Umeme ukikatika usiku na kurudi kwa kishindo, huikuta pawasaplai ipo kazini ingawa mwenyewe amelala. Wanyarwanda wanaukumbuka mwaka 2004, maji yalipopungua kwenye mitambo ya umeme wa maji ya Ntaruka na Mukungwa, na shirika la umeme Electrogaz likagawa umeme kwa mgao. Wakati huo, stabilaiza na UPS ndizo zilizokuwa kinga ya mwenye kompyuta.

Mashine zilipoanza kupungua ukubwa, umeme ukatolewa tena nje. Mac mini ya mwaka 2005 ilikuja na adapta ya wati 85. Mwaka 2010 Apple ikairudisha ndani. Lenovo ilileta ThinkCentre Tiny mwaka 2012, Dell na HP zikafuata kwa kompyuta zinazoshikika kwa mkono mmoja. Sababu inaeleweka. Umeme wa hatari unabaki kwenye adapta, joto linapungua ndani, na kompyuta moja inauzwa duniani kote kwa kuwa adapta hupokea volti 100 hadi 240. Swichi nyekundu ikastaafu.

Hata hivyo fundi hakupata nafuu yote. Lenovo ilichagua ncha ya mstatili, Dell na HP ncha ya duara yenye sindano katikati, ambayo kompyuta huitumia kuuliza adapta ni ya nani. Adapta ngeni yaweza kukataliwa hata kama volti zake ni sahihi. Kapasita iliyovimba kichwa ndani ya ATX hubadilishwa kwa risasi na moto kidogo; adapta iliyobanwa kwa gundi mara nyingi hupasuliwa tu.

Kwa hiyo swali la ndani au nje limewapotosha wanunuzi wengi. ATX ilidumu kwa sababu kampuni zilikubaliana, na adapta zilisumbua kwa sababu hazikukubaliana. Makubaliano mapya yapo: tangu mwaka 2021 kanuni ya USB-C inaruhusu hadi wati 240, kiasi kinachoitosha kompyuta ndogo ya mezani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuilazimisha mwaka 2022 kwa simu na kompyuta za mkononi, lakini sheria hiyo haikuzitaja za mezani. Anayenunua kompyuta Gisenyi leo, kabla ya kuuliza kasi yake, aulize kama pawasaplai au adapta yake inauzwa sokoni na zaidi ya muuzaji mmoja.