Kioo cha taa ya mbele ya gari

Kioo cha taa ya mbele ya gari ni kifuniko kiangavu kinachokaa mbele ya balbu na kiakisi cha taa. Kazi yake ni kupitisha mwanga na kuzuia maji, vumbi na mawe madogo. Ingawa huitwa "kioo", katika magari mengi ya leo hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo polikabonati.

Historia

Zamani taa zilikuwa na vioo halisi. Nchini Marekani, kuanzia magari ya mwaka 1940, taa ilikuwa kitu kimoja kilichozibwa kabisa. Ikipasuka, yote ilitupwa. Mwaka 1983 kanuni za nchi hiyo ziliruhusu taa zenye balbu ya kubadilishwa. Polikabonati ilienea kwa kuwa ni nyepesi na haivunjiki kwa urahisi, lakini hukwaruzika na kugeuka njano kwa jua.

Madhara ya ufa

Ufa mdogo hauzuii sana mwanga. Hatari yake kubwa ni maji. Kiakisi kimepakwa tabaka jembamba la alumini. Unyevu ukikaa ndani, tabaka hilo huliwa, na taa hufifia hata kioo kikibadilishwa baadaye. Mjini Mtwara, kwa mfano katika kata ya Rahaleo, hewa ya bahari yenye chumvi huharakisha uharibifu huo, na msimu wa mvua huleta maji zaidi. Taa iliyofifia humchelewesha dereva kumwona mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli usiku.

Kutengeneza

Ufa mfupi huweza kuzibwa hivi:
* Kioo huoshwa kwa maji na sabuni, kisha hukaushwa kabisa ndani na nje. Petroli na thina hazifai, kwani huongeza nyufa katika polikabonati.
* Tundu dogo hutobolewa kwenye ncha ya ufa ili usiendelee.
* Ufa hujazwa gundi angavu ya kuchanganya na kuachwa hadi ikauke. Gundi ya kukauka papo hapo hutoa mvuke unaoacha utando mweupe.

Tepu angavu ni kinga ya muda tu.

Kubadilisha

Kioo kilichovunjika vipande, au taa ambayo kiakisi chake kimeliwa, hubadilishwa. Betri hutenganishwa kwanza. Katika magari mengi bampa hulegezwa ili taa itoke. Kioo peke yake hutolewa kwa kupasha moto gundi ya ukingoni. Mara nyingi ni rahisi zaidi kununua taa nzima iliyotumika. Balbu ya halojeni haishikwi kiooni kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi huifupishia maisha.

Taa iliyotumika ikaguliwe upande wake. Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji huendesha kushoto kama Japani, lakini Rwanda, Burundi na nchi za Ghuba huendesha kulia. Taa ya nchi ya kulia huweza kutoshea vizuri, lakini mwanga wake wa chini huinuka kuelekea kulia na kuwapofusha madereva wanaokuja. Gari likielekezwa ukutani mahali tambarare, mwanga huo unapaswa kuinuka upande wa kushoto.

Sheria

Nchini Tanzania hali ya magari barabarani husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973.