Bakuli la gombo ku Disneyland



Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi California na mume wake na watoto watatu. Walipitia kambini Nyarugusu kwanza, miaka mingi, kisha ndege. Siku moja alipeleka watoto Disneyland, ile bustani kubwa ya michezo ya mji wa Anaheim, akanitumia picha ku WhatsApp: bakuli, wali kidogo, mchuzi wa rangi ya kahawia. Chini yake ameandika: "Kaka, ona! Huku banauzisha gombo!"

Nilicheka. Halafu nikakuza picha, nikaona jina la mgahawa nyuma ya kichwa cha mtoto: Tiana's Palace. Mtu mwenye alisoma historia ana ugonjwa mmoja, hawezi kuona bakuli bila kuuliza limetoka wapi. Nikaanza kutafuta mahali pale palikuwa nini zamani, na jirani yake palikuwa nini. Nilidhani nitapata mambo ya mapishi. Nilipata jina la mama mmoja mweusi, kisha la mama wa pili, na usiku huo sikulala mapema.

Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Walt Disney alikuwa na jina na alikuwa na filamu, lakini pesa hazikutosha. Ujenzi ulikula karibu dola milioni 17, na kampuni ya televisheni ABC njo ilimsaidia kupata njia. Kwa hiyo mahali pengi pa kula ndani ya bustani hapakuwa pake yeye mwenyewe. Makampuni ya chakula yalipanga nafasi, yakalipa, yakaandika jina lao juu ya mlango. Kampuni ya nyama ya Swift ilikuwa na Red Wagon Inn. Kampuni ya samaki wa kopo, Chicken of the Sea, ilisimamisha merikebu nzima ya maharamia, na milingoti na matanga yake, ili tu kuuza mikate yenye samaki ndani. Kampuni ya Frito ilifungua Casa de Fritos, mambo ya Kimeksiko. Na Quaker Oats, wenye unga wa pancake, zile chapati nene za maji wenye Wamarekani wanakula asubuhi na asali ya mti, walifungua Aunt Jemima's Pancake House.

Angalieni namna hiyo ya biashara. Mtu mwenye anaingia bustanini hakuja kula; alikuja kupanda mashine na kupiga picha. Njaa inamkuta katikati ya foleni. Anataka kuagiza, kubeba sinia, kukaa, kumaliza, kurudi. Kwetu tungesema ni malewa. Tofauti ni kwamba malewa ya mama wa sokoni inauza chakula, na hii ilikuwa inauza chakula pamoja na tangazo. Unakula pancake leo, kesho ukiwa dukani mkono wako unaenda wenyewe kwenye boksi la unga.

Mfano mmoja mnaujua bila kujua. Inasimuliwa kwamba pale Casa de Fritos tortilla zilikuwa zinabaki, zinatupwa. Muuzaji wa kiwanda chenye kilikuwa kinazileta akawashauri: musitupe, kateni vipande, kaangeni, tieni viungo. Watu wakapenda. Mkubwa mmoja wa Frito, Arch West, akaona, akapeleka wazo juu, na mwaka 1966 Doritos zikaanza kuuzwa Marekani nzima. Arch West anatajwa kila mara hadithi hii inapohadithiwa. Yule wa kiwanda anabaki "muuzaji wa kiwanda".

Lakini nilitaka kuwaeleza Aunt Jemima.

Hakukuwa na mtu wa jina hilo. Ilikuwa alama ya unga, yenye ilitungwa mwaka 1889 na wanaume wawili weupe wa Missouri. Jina walilitoa kwenye michezo ya jukwaani, ile yenye wazungu walijipaka masizi usoni ili kuchekesha watu kuhusu weusi. Mwenye kampuni wa baadaye akatafuta mwanamke mweusi wa kuivaa alama hiyo. Akampata Nancy Green, mama mwenye alizaliwa mtumwa Kentucky mwaka 1834. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago, Nancy Green alisimama mbele ya umati akipika pancake, akitabasamu, akisimulia jinsi maisha ya shambani ya zamani yalivyokuwa matamu. Mtu mwenye aliyaishi yale maisha analipwa kuyasifu! Na watu walipanga foleni.

Hapa nasimama kidogo, juu maonyesho ya namna hiyo sisi pia tunayajua. Miaka minne baadaye, 1897, Mfalme Léopold II alipeleka Wakongomani 267 Tervuren, karibu na Brussels, wakae kwenye vijiji vya maonyesho Wabelgiji wawatazame. Saba walikufa kule na wakazikwa kule. Na mwaka 1958 bado, Brussels tena, familia za Kikongo ziliwekwa nyuma ya uzio wa mianzi, na wageni wengine walikuwa wanazitupia ndizi. Wakongomani hao walikasirika, wakarudi nyumbani kabla ya maonyesho kwisha. Bustani za michezo za leo ni watoto wa maonyesho hayo ya dunia: njia zilezile za kutembea, "nchi" ndogondogo za kutazamwa, chakula cha kila nchi kwenye kona yake. Njo maana ninasema suala la nani anapika na nani anatazamwa halikuanza Disneyland.

Mwaka uleule 1958, upande wa pili wa bahari, California, mama mwingine mweusi alikuwa kazini amevaa kitambaa kichwani na shali mabegani. Jina lake Aylene Lewis. Kuanzia 1957 mpaka alipokufa mwaka 1964, yeye njo alikuwa Aunt Jemima wa Disneyland. Alisalimia wageni, alipiga nao picha, alisaini jina. Jina la Aunt Jemima, si la Aylene. Watu wenye walimkumbuka walisema Walt Disney mwenyewe alimpenda. Mimi siwezi kumhukumu mama huyo. Kazi ni kazi, na kwa mwanamke mweusi wa miaka ile milango mingi ilikuwa imefungwa. Ninachouliza ni kingine: maelfu ya watu walitoka pale na picha yake, ni wangapi walijua anaitwa nani?

Mgahawa ulipanuliwa 1962 ukaitwa Aunt Jemima's Kitchen. Kisha Marekani yenyewe ikaanza kubadilika. Sheria ya haki za raia ya 1964 ilikataza mwenye mgahawa kumfukuza mtu kwa sababu ya rangi. Ufadhili wa Quaker ukaisha, na kufikia 1971 mahali pale pakawa River Belle Terrace. Pancake zilibaki, tena mpaka leo zinajulikana kwa sura ya Mickey. Jina liliondolewa kimya-kimya, na hakuna mtu alisimama kueleza kwa nini. Makampuni huwa yanafanya historia hivyo: yanabadilisha kibao usiku, asubuhi mteja anaagiza kile alichozoea.

Kidogo tu kutoka pale, mwaka 1966, ilifunguliwa sehemu mpya, New Orleans Square, sura ya mji wa New Orleans na baraza zake za chuma. Meya wa New Orleans mwenyewe alikuja. Humo kulikuwa mgahawa wa kujihudumia, French Market, wenye kuuza kuku na jambalaya, na muziki wa jazz pembeni. Jina lilisema soko la Kifaransa. Kwamba jambalaya na jazz ni kazi ya mikono ya watu weusi, kibao hakikusema.

Na New Orleans ya kweli, muda ule ule? Kulikuwa mgahawa unaitwa Dooky Chase's, na mpishi wake Leah Chase, mweusi, mzaliwa wa 1923. Wakati sheria ilikuwa inakataza weusi na weupe kula meza moja, yeye aliwakalisha pamoja ghorofani, wakapanga mambo ya haki za raia huku wanakula gumbo yake. Polisi walijua. Kuingia kumkamata mama mwenye anapikia mji mzima kungewasha moto. Sahani yake ilikuwa ngao.

Huyu mama njo anatuunganisha na picha ya dada yangu. Disney walipotengeneza filamu ya Tiana mwaka 2009, binti mfalme wao wa kwanza mweusi, walimchukua Leah Chase kama mfano: msichana wa New Orleans mwenye ndoto ya kufungua mgahawa wake. Alikuwa bado hai. Alikufa 2019 na miaka 96.

Kisha ikaja 2020. Baada ya George Floyd kuuawa, mwezi wa Juni, Quaker walitangaza kwamba jina na sura ya Aunt Jemima vitaondoka kwenye boksi. Mwaka uliofuata unga ukaitwa Pearl Milling Company. Mwezi huo huo Disney walitangaza kwamba Splash Mountain, mchezo wenye ulitokana na filamu ya 1946 yenye kupamba maisha ya shamba la kusini, utageuzwa kuwa wa Tiana. Na mwaka huo pia kaburi la Nancy Green, Chicago, lilipata jiwe lenye jina lake. Alikuwa amekufa tangu 1923. Miaka 97 bila jiwe, na sura ya kazi yake iko jikoni za nchi nzima.

French Market ulifungwa Februari 2023. Tarehe 7 Septemba mwaka huo mahali hapo pakafunguliwa Tiana's Palace. Bado ni chakula cha haraka: unaagiza, mara nyingi kwa simu yako, unachukua sinia. Ila meni iligeuka kwelikweli. Kuna gumbo ya kuku na soseji, na gumbo ingine bila nyama, ya majani, yenye bamia na viazi vitamu. Kuna mikate ya po-boy. Kuna beignets, ndiyo, beignets, zile zile tunanunua asubuhi kando ya barabara, ila hizo zinajazwa utamu wa ndimu ndani. Wapenzi wa zamani wa bustani wengine walisikitika. Kila mgahawa ukifungwa kuna mtu analilia ladha ya utoto wake, na hilo nalielewa. Ata ile merikebu ya samaki ilipobomolewa 1982 ililiwa machozi.

Sasa neno lenyewe. Gumbo, au gombo kama tunavyosema kwa Kifaransa, ni neno la Kibantu. Wataalamu wa lugha wanalilinganisha na ochingombo ya Kiumbundu, kule Angola, maana yake bamia. Lilivuka bahari na watu wenye waliuzwa kutoka pwani za Angola na Kongo. New Orleans kuna uwanja mpaka leo unaitwa Congo Square, mahali watumwa walikuwa wanakutana siku ya Mungu, wanapiga ngoma, wanacheza, wanauziana vyakula. Kwa hiyo neno lilitoka upande wetu kwenye minyororo, likakaa ndani ya sufuria ya Louisiana miaka mia mbili na zaidi, likaingia meni ya Disneyland, na mtoto wa kambi ya wakimbizi akalisoma kwa sauti bila kufundishwa na mtu.

Je, nimefurahi? Nusu. Binti mwenye jina lake liko juu ya mlango ni mchoro. Nancy Green alikuwa mtu, akavishwa jina la mchoro. Leo mchoro una mgahawa, na watu wa kweli, Nancy, Aylene, ata Leah, mtoto mwenye anakula pale anaweza kumaliza sinia bila kuwajua. Tena mwenye nyumba ni yule yule, na pesa inaingia mfuko ule ule. Lakini siwezi pia kusema hakuna kilichobadilika. Kutoka mama wa kutabasamu mpaka msichana mwenye mgahawa ni wake, ni umbali. Wahitimu wenzangu wa uchumi wataniambia ni soko tu limegeuka. Sawa, ila soko haligeuki bila watu kuligeuza, na Leah Chase aliligeuza na kijiko.

Nilimpigia dada yangu, nikamueleza yote hayo, dakika karibu makumi ine, mpaka megabaiti zikaniishia mara mbili. Alisikiliza vizuri. Mwishoni nikamuuliza: "Na ladha yake ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa sawa," akasema. "Mutoto wa mwisho alimaliza yote. Lakini kaka, gombo bila mawese?"