Mkate wa Mchele wa Bonde la Kilombero

Ukishuka treni ya TAZARA pale Chita, mgongoni unaiacha milima ya Udzungwa na mbele unakutana na mpunga mpaka macho yachoke. Katika bonde hili mkate wa kukaa sinia moja na kumegeana hautokani na ngano. Ni mkate wa kumimina, na mama yake ni mchele.

Kwingine duniani mkate wa ushirika hujazwa jibini. Wageorgia wana khachapuri yao. Zanzibar nayo, pale Forodhani, ilichukua mantabali iliyofika kwa njia ya bahari, ikaongeza jibini la kiwandani juu ya nyama na yai, na leo wageni huiita piza ya Zanzibar. Kilombero haikupita njia hiyo, na sababu yake inaruka angani: mbung'o. Mdudu huyo aliyeleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu aliliweka bonde mbali na ng'ombe kwa vizazi vingi. Pasipo zizi hapana maziwa ya kugandisha, na pasipo maziwa jibini litatoka wapi?

Lakini maji yalikuwepo, na udongo mweusi unaofunikwa na mafuriko kila masika. Wandamba, wavuvi na wakulima wa mtoni, waliujua mpunga kabla ya Wajerumani kujenga boma Mahenge. Mwaka 1935 A. T. na G. M. Culwick walitoa kitabu Ubena of the Rivers kuhusu Wabena wa bondeni, na mtawala wao, Mtema Towegale Kiwanga, akachangia sura yake humo. Jina lenyewe la kitabu linaeleza mengi: kuna Wabena wa milimani, na kuna Wabena wa mito. Tutawarudia hao wa milimani.

Namna ya kuuchanganya mchele na tui la nazi ni ya pwani, na wapwani wengine huuita mkate wa sinia. Mchele hulowekwa usiku kucha, kisha husagwa na tui zito, iliki na hamira mpaka uwe laini kabisa. Sukari hutiwa, uji huo hufunikwa uumuke, na ukishafura humiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kushika moto. Makaa huwekwa chini na mengine juu ya kifuniko. Hapo ndipo mpishi hujulikana. Moto wa chini ukizidi, mkate huungua kabla katikati haijaiva; wa juu ukipungua, uso hubaki mweupe kama haukupikwa. Mkate uliofaulu ukikatwa huonyesha vitundu vingi vidogo, na hukatwa vipande vya pembetatu ili waliozunguka sinia wapate sawa. Kitumbua ni ndugu yake mdogo, ila hicho kila mtu hula chake.

Karne ya 20 ilikusanya mahitaji ya mkate huu ndani ya bonde. Kiwanda cha kwanza cha sukari cha Kilombero kilianza kazi mwaka 1962. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba, na mchele wa bonde ukapata njia ya kwenda Dar es Salaam bila kungoja barabara zikauke. Watafiti wa kituo cha kilimo cha KATRIN pale Ifakara walishughulikia mbegu za mpunga, na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Chita ikafungua mashamba makubwa. Kwa maoni yangu, hakuna mkate mwingine nchini wenye haki kama huu ya kujiita mkate wa Kilombero: mchele ni wa hapa, na sukari ni ya hapa.

Ng'ombe nao wamekuja. Tangu miaka ya 1980 Wasukuma, Wamang'ati na Wamasai wamekuwa wakishusha mifugo bondeni. Mwaka 2002 bonde likatambuliwa kuwa ardhioevu ya kulindwa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mwaka 2012 serikali ikaendesha operesheni ya kuiondoa mifugo. Jeraha hilo halijapona, na wakulima na wafugaji wote wana ya kusema.

Na wale Wabena wa milimani? Njombe ilipata kiwanda cha maziwa kilichosaidiwa na shirika la Kiitalia la CEFA, nacho kikatengeneza jibini. Kutoka Makambako, jirani na Njombe, reli ileile huteremka hadi Mlimba na Chita. Jibini la Wabena wa juu linaweza kufika kwenye sufuria ya Wabena wa mito kwa safari moja ya treni. Atakayejaribu kulitia katikati ya mkate wa kumimina hatakuwa ameharibu urithi, mradi mchele ubaki mchele.

Historia ya bonde hili imeandikiwa watemi, maboma na reli. Vijana wa Ifakara, Chita na Mlimba mnaopenda kuandika, kaeni jikoni na bibi zenu, mpime mchele, tui na makaa wanayotumia, mkaandike.