Data ya Nairobi na Haki ya Kuvuka Mpaka

Mwaka 1999 nilikuwa fundi wa mtandao katika kampuni ndogo ya intaneti mjini Nairobi. Mteja wetu wa Westlands akimwandikia barua pepe wakili wa Moi Avenue aliyehudumiwa na kampuni nyingine, barua hiyo ilipaa hadi kwenye setilaiti, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena, ndipo ikarudi mjini. Setilaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Hesabu kupanda na kushuka kote huko: zaidi ya kilomita 140,000, na kampuni zote mbili zinalipa kwa dola.

Dawa tuliijua: swichi moja. Kila kampuni ivute laini yake hadi hapo, iwatangazie wenzake anwani za wateja wake, na data ya humu nchini ibaki humu. Watoa huduma walionyang'anyana wateja mchana kutwa walikubaliana kupitia chama chao, TESPOK, na Novemba 2000 kituo hicho cha kubadilishana data, KIXP, kikawashwa.

Hakikudumu. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kusafirisha data kwenda nje, ililalamika kwamba haki hiyo imevunjwa, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Hoja hiyo hainiingii akilini hadi leo. Data isiyotoka nchini inavunjaje haki ya kuvuka mpaka? TESPOK waliling'ang'ania swali hilo kwa karibu mwaka mzima, mpaka Tume ikageuza uamuzi wake. Februari 2002 KIXP ikarudi kazini na kampuni tano.

Tulipopima, safari ya kwenda na kurudi iliyochukua sekunde nzima na zaidi ilishuka chini ya milisekunde 100. Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kawaida kabisa, vya kununuliwa dukani. Kilichokosekana miaka yote ile ni ruhusa. Dar es Salaam nayo ikapata kituo chake, TIX, mwaka 2004.

Siku hizi sifa zote za kasi ya intaneti hupewa mikonga ya baharini iliyofika Mombasa 2009. Ilishusha bei, kweli, lakini kazi ya mkonga ni kuleta vya mbali. Mwaka 2012 ni takriban asilimia 30 tu ya data waliyoitumia Wakenya iliyopatikana humu nchini. Kampuni kubwa za ng'ambo zilipoleta seva zao Nairobi, zilikuta mahali pa kuziunganisha, na kufikia 2020 kiwango hicho kilikuwa asilimia 70.