PIKAPU IPI INAFAA KUSINI? HOSPAWA, TORKI NA ULAJI WA MAFUTA KWA HESABU

Kila msimu wa korosho ukikaribia, ubishi vijiweni na gereji ni uleule: Land Cruiser ina nguvu, Hilux inanusa mafuta tu, petroli ina mbio, dizeli ni ya mzigo, kirikuu ndiyo mkombozi wa mnyonge. Kila mtu anaongea kwa uhakika ila hakuna anayetoa hesabu. Na huu si ubishi wa kupotezea muda, maana kuna watu wanaweka rehani shamba la mikorosho ili wanunue pikapu, halafu baada ya misimu miwili gari iko juu ya mawe kwa sababu mapato yote yameishia sheli na kwa fundi. Kwa hiyo leo tuongee kwa namba.

HOSPAWA NA TORKI NI VITU VIWILI

Hospawa moja ni kazi ya kunyanyua kilo 75 kwenda juu mita moja kwa sekunde moja. Gunia la korosho lina kilo 80 hivi, kwa hiyo hospawa moja ni kama kupandisha gunia lisilojaa vizuri, mita moja kila sekunde, bila kupumzika.

Torki ni kitu kingine. Ni ile nguvu ya kuzungusha. Chukua spana yenye urefu wa mita moja, ining'inize kilo moja mwisho wake, hapo umepata torki ya Nm 10 hivi. Injini yenye Nm 400 ni kama umening'iniza kilo 40 kwenye spana hiyo.

Uhusiano wake ni huu, tena ni fizikia ya shule tu: torki ukizidisha na mizunguko ya injini kwa dakika, halafu ukagawanya kwa 9,549, unapata nguvu kwa kilowati. Yaani injini inaweza kukupa nguvu ileile kwa njia mbili: torki kubwa na mizunguko michache, au torki ndogo na mizunguko mingi. Injini inayozunguka sana inajisugua sana na kupoteza nguvu ndani yake yenyewe. Hapo ndipo mafuta yanapokwenda.

Namba ya hospawa unayoiona kwenye tangazo ni ya pale injini inapokanyagwa karibu na mwisho. Nani anaendesha hivyo akiwa na tani moja nyuma kwenye njia ya vumbi ya Tandahimba? Huko unatumia mizunguko 1,500 mpaka 2,500. Kwa hiyo cha kuuliza ni torki inakuja kwenye mizunguko mingapi.

INJINI TUNAZOZIONA HUKU KWETU

- Land Cruiser pikapu (mkonga), injini 1HZ: dizeli, CC 4,164, silinda 6, haina tabo. Hospawa 130 hivi, torki Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. Imetengenezwa tangu 1990.
- Hilux ya zamani, injini 5L: dizeli, CC 2,986, haina tabo. Hospawa zinakaribia 100, torki haifiki Nm 200. Ndugu zake wadogo, 2L na 3L, wana nguvu pungufu ya hapo.
- Hilux Vigo, injini 2KD: dizeli, CC 2,494, ina tabo. Zilianza na hospawa 102, za baadaye zikafika 144.
- Hilux iliyotoka 2015, injini 2GD: dizeli, CC 2,393, ina tabo. Hospawa 150. Zipo zenye torki Nm 343 na zipo zenye Nm 400.
- Hilux petroli, injini 2TR: CC 2,694. Hospawa 160 hivi, torki kama Nm 240, ila inakuja kwenye mizunguko inayokaribia 4,000.
- Kirikuu, yaani Suzuki Carry ya CC 660: hospawa kama 50. Kwa sheria ya Japan ilikotengenezwa, mzigo wake ni kilo 350 tu.

Sasa angalia maajabu. 1HZ ya mkonga kwenye mizunguko 2,200 inatoa kilowati 66. 2GD yenye Nm 400 kwenye mizunguko 1,600 inatoa kilowati 67. Injini iliyo ndogo kwa zaidi ya theluthi inatoa nguvu ileile huku inazunguka taratibu! Na ile ya petroli yenye hospawa 160, ambayo kwenye karatasi imewazidi wote, ukiwa na mzigo lazima uikanyage mpaka ilie ndiyo ikupe hizo hospawa zake. Inafika, ila imekunywa.

Tabo ndiyo siri. Inatumia moshi unaotoka kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda, kwa hiyo injini ndogo inapumua kama kubwa. Halafu injini mpya zinapuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. 1HZ inaipulizia kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni, na joto jingi linapotelea kwenye kuta za chumba hicho.

Kwa matumizi ya kawaida, mkonga wa 1HZ unategemea kukupa kilomita 7 hadi 9 kwa lita. Hilux ya 2GD ni 10 hadi 12. Hilux ya petroli inacheza kwenye 7 hadi 9 pia. Ikibeba mzigo mzito au ikiingia mchangani, kila moja inashuka.

BARABARA NAYO INAKULA MAFUTA

Mchanga. Wanaokwenda Msimbati kuchukua samaki wanaelewa. Tairi kwenye mchanga laini inadai msukumo mara kumi au zaidi ya inavyodai kwenye lami, maana kila hatua gari ni kama inapanda kilima kidogo inachokichimba yenyewe. Hapa dawa ni foo wili na gia ndogo (ile ya 4L), ambayo inaongeza torki inayofika kwenye magurudumu kama mara 2.5. Ndiyo maana hata Hilux ya zamani ya 5L inatoka mchangani wakati gari yenye hospawa nyingi isiyo na foo wili imezama mpaka difu. Punguza upepo wa matairi, ila ukirudi kwenye lami ujaze. Tairi laini kwenye lami inakula mafuta na inapasuka.

Mlima. Uwanda wa Makonde ukitokea pwani unapanda polepole, lakini upande wa Ruvuma na Masasi umekatika kama ukuta. Tufanye hesabu: gari na mzigo tani 3, unapanda mita 700. Kazi ya kunyanyua tu inakula dizeli lita 1.7 hivi. Si nyingi! Kinachomaliza mafuta mlimani ni dereva anayeng'ang'ania gia kubwa injini ikitoa moshi mweusi. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haijaungua, yaani pesa yako inapepea. Pia kumbuka korosho inashuka kutoka Newala kuja bandarini, haipandi. Wanaohitaji torki ya kweli ya mlima ni wanaotoa mazao bonde la Ruvuma kupandisha juu.

Lami. Kutoka hapa mpaka Mnivata, au ukiwa unakwenda Lindi na Dar, adui ni upepo. Ukitoka spidi 80 kwenda 110, upinzani wa hewa unakaribia kuwa mara mbili. Mkonga umekaa kama kabati, unapata tabu zaidi. Turubai lililofungwa ovyo linalopigapiga nalo linakula.

Foleni. Msimu wa korosho watu wanapanga foleni kwenye maghala ya AMCOS injini zinanguruma. Dizeli kubwa ikisimama inawaka inaweza kumaliza kama lita moja kwa saa, na umeenda kilomita sifuri. ZIMA GARI.

HESABU YA GUNIA

Hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Gari inayonusa mafuta si lazima iwe na gharama ndogo. Chukua safari ya mfano ya kilomita 240 kwenda na kurudi, na tuseme dizeli na petroli zote ni shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi (bei halisi angalia tangazo la EWURA, linatoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi).

- Mkonga, kilomita 8 kwa lita: lita 30, shilingi 90,000. Magunia 12. Kila gunia shilingi 7,500.
- Hilux mpya, kilomita 12 kwa lita: lita 20, shilingi 60,000. Magunia 12. Kila gunia shilingi 5,000.
- Kirikuu, kilomita 15 kwa lita: lita 16, shilingi 48,000. Magunia 4. Kila gunia shilingi 12,000.

Umeona? Kirikuu imetumia mafuta machache kuliko wote, ila gunia lake ndilo ghali kuliko yote. Ukisema utaipakia magunia 10 ili hesabu ikae sawa, springi, breki na polisi watakujibu. Kirikuu ni nzuri kwa mizigo midogo ya mjini, soko kuu kwenda Chikongola au Mikindani. Usiipeleke vita ambayo si yake.

Na kati ya mkonga na Hilux mpya tofauti ni shilingi 30,000 kwa safari. Safari 100 ni milioni 3. Kwa mtu mwenye marejesho ya mkopo, hiyo ndiyo inaamua kama shamba linabaki kwake au linakwenda.

LAKINI USIKIMBILIE INJINI MPYA: MAFUTA YA MADUMU

Kabla hujasema basi Hilux mpya imeshinda, jiulize utajazia wapi. 2KD na 2GD zinapuliza dizeli kwa presha kubwa sana kupitia matundu madogo sana. Maji kidogo, vumbi kidogo au mafuta ya taa yaliyochanganywa, nozeli zinaharibika, na seti ya nozeli nne inaweza kumeza ile milioni 3 yako na kuomba nyongeza.

Uchakachuaji wa mafuta nchini ulikuwa mkubwa mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili isiwe na faida kuyachanganya. Hali ilibadilika sana, lakini dumu la kijijini lililokaa kwenye vumbi halina kinasaba wala chujio. 1HZ na 5L zina pampu ya kizamani isiyo na kompyuta. Zinavumilia zaidi, na fundi wa Nanyamba anaifungua chini ya mwembe akaifunga ikawaka.

Kwa hiyo hukumu ni hii: kama njia zako zinaanzia na kuishia mjini, unajaza sheli inayoeleweka na unabadilisha chujio la dizeli kwa wakati, injini ndogo yenye tabo inakulipa. Kama unalala vijiji vya Ruvuma na unajazia madumuni, mkonga au 5L ya zamani inaweza kuwa nafuu, pamoja na kunywa kwake.

PIMA MWENYEWE

Usiamini karatasi, usimwamini hata muuzaji. Jaza tenki mpaka juu, andika kilomita. Fanya kazi zako za kawaida na mzigo wa kawaida. Rudi kwenye pampu ileile, jaza tena mpaka juu. Kilomita ulizokwenda gawanya kwa lita ulizojaza. Umekwenda 180 ukajaza 22.5, hiyo ni 8 kwa lita. Rudia mara tatu utafute wastani. Siku namba ikishuka ghafla ujue kuna kitu: chujio la hewa limeziba, breki inashika, tairi halina upepo au dereva anauza mafuta njiani.

KWA WANAOAGIZA MTANDAONI

Usiangalie picha ya rangi tu, angalia kodi ya injini. Hilux haikuuzwa Japan tangu 2004 mpaka 2017, kwa hiyo Vigo nyingi za mtumba zinatokea Thailand, na Hilux ya Japan utakayoipata kwa bei ndogo ni ya zamani kabla ya 2004. Uliza: ina foo wili au haina? Torki ni ngapi na kwenye mizunguko mingapi? Fundi wa kuitengeneza yuko Mtwara au ni Dar tu? Ukishindwa kujibu hilo la mwisho, usitume hela.

Mwenye gari yake aliyeipima kwa njia hiyo ya tenki aweke hapo chini: injini gani, njia gani, mzigo kiasi gani, kilomita ngapi kwa lita. Tukipata namba za watu wengi, mwenzetu anayekwenda kuchukua mkopo kesho atakuwa na pa kuanzia. Naomba kuwasilisha.