Maji ya kioo cha gari: Eastlands hayagandi, ila sumu ya kuzuia barafu yaweza kuingia nyumbani

MKAZI wa Buruburu, Umoja au Kayole hajapata kuamka alfajiri akakuta maji ya kuoshea kioo cha gari lake yamekuwa jiwe. Hata mwezi wa Julai, jiji la Nairobi linapojifunika wingu la kijivu na wauzaji wa makoti ya mitumba wakachekelea, nyuzijoto za usiku hushuka hadi 10 au 12 hivi. Maji hayagandi mpaka zifike sufuri. Kwa hivyo, kuuliza namna ya kuyazuia yasigande ni mfano wa kutafuta kivuli usiku wa manane.

Hata hivyo, swali lenyewe limeingia mitaani kwa milango kadhaa. Magari mengi yanayopita Barabara ya Jogoo yalinunuliwa yakiwa yametumika nchini Japani, ambako kisiwa cha Hokkaido hufunikwa na theluji kwa miezi kadhaa kila mwaka. Yanaposhushwa Mombasa, huja na chochote kilichosalia katika vyombo vyake. Dawa za kioo zilizotengenezewa nchi za baridi nazo huvuka bahari pamoja na bidhaa nyingine. Isitoshe, familia nyingi za Donholm na Komarock zina mtoto au ndugu Minnesota, Uingereza au Kanada, ambaye katika majira yake ya kwanza ya baridi hulazimika kujifunza jambo hili upesi.

Jibu fupi ni kwamba gari la Eastlands halihitaji kizuia barafu. Linahitaji maji safi na sabuni inayofaa. Lakini mwenye gari anahitaji kujua kizuia barafu hicho ni kitu gani, kwa sababu mara nyingi ni sumu iliyotiwa rangi ya kupendeza.

Mfumo wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Chini ya boneti mna chombo cha plastiki cha lita mbili hadi tano hivi, pampu ndogo ya umeme, mpira mwembamba na matundu madogo yanayorusha maji kwenye kioo ili waipa zipate kufuta. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo yatosha kupasua chombo au kuchomoa mpira. Dereva akibonyeza swichi ilhali pampu imeshikwa na barafu, mota hukaza bila kuzunguka na fyuzi huungua.

Matundu ndiyo huganda kwanza. Maji yaliyomo ni tone tu, nalo hupigwa na upepo wa mwendo wa gari, ilhali chombo kiko karibu na injini na hupata joto lake. Ndiyo maana dereva wa ughaibuni huweza kukuta chombo kimejaa maji mazuri na kioo kisipate hata tone.

Kinachozuia hali hiyo ni alkoholi. Ethanoli huganda kwenye nyuzi 114 chini ya sufuri na methanoli kwenye nyuzi 98 chini ya sufuri. Zikichanganywa na maji huteremsha kiwango cha kuganda kulingana na kipimo. Sehemu moja ya ethanoli kwa sehemu nne za maji hustahimili hadi nyuzi 8 au 9 chini ya sufuri. Nchi zenye baridi kali huhitaji kipimo kikubwa zaidi, na hununua dawa iliyokwisha kuchanganywa kiwandani. Aliyeko huko na achague dawa inayostahimili baridi kuliko ile inayotabiriwa, kwa kuwa alkoholi huruka haraka inapotua kwenye kioo na kuyaacha maji yagande hapo hapo mbele ya macho yake. Akishaijaza, abonyeze swichi mpaka dawa ipite kwenye mpira na matundu, la sivyo maji ya zamani yatabaki humo na kuziba njia.

Wapo wanaotia chumvi. Chumvi huzuia barafu, ni kweli, lakini hula chuma na kuacha madoa meupe. Sabuni ya vyombo haiteremshi kiwango cha kuganda kwa kadiri ya maana. Maji ya moto yakimwagwa juu ya kioo chenye barafu huweza kukipasua, na yakitiwa kwenye chombo hupoa na kuganda kama mengine.

Kenya nayo ina baridi yake. Mwezi wa Januari 2012 jalidi iliteketeza majani chai katika maeneo ya Kericho na Nandi, na wakulima wa viazi wa Nyandarua huijua vyema. (Jalidi ni ule umande ulioganda ukawa mweupe. Ni neno zuri ambalo wengi wetu hulikuta kwenye kamusi tu kwa sababu hatukulihitaji mitaani.) Huja hasa usiku wa Januari na Februari, mbingu zikiwa wazi bila wingu, kwani joto la ardhi hupanda juu bila kizuizi. Kioo cha gari hupoteza joto kwa njia hiyo hiyo, kwa hivyo huweza kushika jalidi hata kama hewa yenyewe haijafika sufuri.

Mtu wa Umoja aliyelala kwao Kinangop, au aliyepanda kwa gari hadi malango ya Mlima Kenya, hahitaji dawa ya Kanada kwa usiku mmoja. Afunike kioo kwa kadibodi au blanketi kuukuu, au aegeshe chini ya paa. Asubuhi awashe injini, aelekeze hewa ya joto kwenye kioo, na asiwashe waipa zikiwa zimenata, kwa maana mpira wake utachanika.

Sasa tuizungumzie sumu yenyewe. Methanoli ni ndugu wa ethanoli, ile iliyo katika bia, na haina rangi ya kuitambulisha. Ni rahisi, na kwa sababu hiyo imetumiwa sana katika dawa za kioo za nchi za baridi, hasa Amerika Kaskazini. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Mililita 10 za methanoli tupu, pungufu ya kijiko cha mezani, zaweza kupofusha, na mililita 30 zimewahi kuua. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuzia umma dawa za kioo zenye methanoli ya asilimia 0.6 au zaidi kwa uzani kuanzia Mei 2019.

Nairobi haihitaji kufunzwa habari za methanoli na wageni. Novemba 2000, pombe haramu iliyochanganywa na kemikali hiyo iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya Mukuru na viunga vyake, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Mei 2014 mkasa wa namna hiyo ulijirudia katika kaunti za Embu, Kiambu na nyinginezo, ukaua makumi ya watu. Visa hivyo vilitokana na pombe, si na dawa ya kioo. Kemikali, hata hivyo, ni ile ile, na mwili hauulizi ilitoka kwenye chupa gani.

Hatari ya nyumbani ni ya aina mbili. Ya kwanza ni chupa. Katika chumba kimoja cha Dandora ambamo familia hupika, hula na kulala, dawa ya buluu iliyomiminwa kwenye chupa ya soda ni kinywaji machoni pa mtoto. Ibaki katika chupa yake yenye maandishi, juu asikofikia mtoto, mbali na jiko, kwa kuwa hushika moto na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Ya pili ni mazoea ya gereji: kijana hutia mpira kwenye chombo na kuvuta kwa mdomo, kama afanyavyo kwa petroli. Kwa gari lililotoka nje, na ambalo hujui lilitiwa nini, desturi hiyo ikome kabisa.

Namna salama ya kulisafisha ni kulitoa gari mahali peupe, kufunga madirisha na njia ya hewa ya nje, na kubonyeza swichi kwa sekunde chache chache, ukiipumzisha pampu, hadi chombo kiishe. Tia maji safi, rudia mara mbili au tatu. Ngozi iliyomwagikiwa ioshwe mara moja, kwa sababu methanoli hupenya pia kwenye ngozi.

Aliyeimeza huenda akaonekana mlevi kidogo, kisha akapata nafuu ya uongo. Dalili kuu huja saa 12 hadi 24 baadaye: kichwa kuuma, kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema haraka, na macho kuona weupe kama wa mtu atazamaye theluji ikianguka. Usingoje dalili hizo, wala usimtapishe au kumpa pombe nyumbani. Mpeleke hospitali, iwe Mama Lucy Kibaki au nyingine iliyo karibu, na uichukue chupa ili daktari aone. Ipo tiba ya kuizuia ini isiigeuze methanoli kuwa asidi, na kusafishwa damu kwa mashine, lakini yote huenda na saa.

Tukirudi kwenye kioo, adui wa Eastlands ni vumbi na moshi. Vumbi la machimbo ya mawe ya Njiru, la njia zisizo na lami, na masizi ya dizeli hujenga utando wa mafuta ambao mchana hauonekani. Usiku, katika Barabara ya Outer Ring, taa za gari lijalo hulipuka kwenye utando huo na dereva asimwone anayevuka. Waipa zikikaushwa juu ya vumbi hukwaruza kioo, na mikwaruzo haiondoki.

Maji ya mfereji huja kwa mgao, na wengi hutumia ya visima. Haya, yakikauka, huacha alama nyeupe na kuziba matundu. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi hufaa zaidi. Dawa ya kioo ya nchi za joto, isiyo na methanoli, ndiyo bora, na kama haipo, matone machache ya sabuni ya maji yatosha. Sabuni ya unga isitiwe, kwani hubaki chini kama tope. Tundu likiziba, lizibue kwa pini nyembamba. Likikataa, chomoa mpira uone kama maji yanafika.

Maji matupu yakikaa miezi katika joto la boneti huota ukungu wa kijani na bakteria. Uchunguzi wa wataalamu wa afya ya umma wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha maji ya kioo yasiyotiwa dawa na ugonjwa hatari wa mapafu unaosababishwa na bakteria wa Legionella, wakikadiria kwamba huenda ndiyo asili ya kisa kimoja kati ya vitano vinavyozuka huko nje ya hospitali. Kwa hivyo, yamwage na kuyabadilisha, hasa kabla ya mvua za Machi na za Oktoba.

Kosa linalorudiwa sana katika vituo vya kuosha magari ni kuchanganya vyombo viwili. Kifuniko cha maji ya kioo huwa na picha ya kioo na maji yakiruka. Kile cha rejeta huwa na onyo la moto, na hakifunguliwi injini ikiwa na joto. Kulanti ya rejeta kwenye kioo huacha utelezi wa mafuta, nayo mara nyingi ina glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayovutia watoto na mbwa.

Ama ukungu wa Julai, huo huwa ndani ya kioo, si nje, na hakuna dawa ya boneti itakayoufikia. Washa kipoza hewa pamoja na joto, elekeza upepo kwenye kioo, na ufungue dirisha kidogo.